Magic: The Gathering Arena: mchezo mtamu, ila mtaji ni waildikadi

Richard Garfield alibuni Magic, na kadi zake za karatasi zikaingia sokoni mwaka 1993. Arena, toleo la mtandaoni la kampuni ya Wizards of the Coast, ilitoka rasmi kwa kompyuta Septemba 2019 baada ya mwaka mzima wa majaribio ya wazi, kisha ikafika kwenye simu mwaka 2021. Kuipakua ni bure. Kwa kina cha kanuni na uzito wa ushindani, ni vigumu kupata mchezo wa kadi mtandaoni unaoipiku. Tatizo lake liko kwenye namna kadi zinavyopatikana, na hapo ndipo wageni wengi huumia, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza.

Kanuni hazitachukua nafasi kubwa hapa, maana mafunzo ya mwanzo ndani ya Arena yanazieleza vizuri. Uhai 20, kadi saba mkononi, ardhi moja kwa zamu. Unalaza ardhi (unaigeuza upande kuitumia) upate mana, mana inalipia viumbe na kadi nyingine. Ukimaliza mafunzo unapewa changamoto fupi za kila rangi ya kadi na deki za kuanzia. Deki ni lile fungu la kadi unaloingia nalo mezani. Zimalize hatua hizo zote kabla hujagusa duka, kwa sababu deki unazopewa ni zako moja kwa moja na ndizo zitakazokuchumia dhahabu ya mwanzo, sarafu unayoipata kwa kucheza. Kuna pia roboti aitwaye Sparky wa kufanyia mazoezi. Ukipigwa naye hupungukiwi kitu. Na kila seti mpya, yaani kundi jipya la kadi, ikitoka, tafuta msimbo wake wa zawadi uuandike dukani. Kwa kawaida unaleta pakiti tatu za bure, na baada ya muda hukoma kufanya kazi.

Sasa mtaji. Kadi zina madaraja manne, na utayajua kwa rangi ya alama ya seti: nyeusi ni ya kawaida, ya fedha ni nadra kidogo, ya dhahabu ni adimu, ya chungwa ni maithiki, daraja la juu kabisa. Waildikadi ni kadi tupu ya daraja fulani unayoigeuza kuwa kadi yoyote ya daraja hilohilo. Arena haina soko la kubadilishana, huwezi kumzawadia rafiki kadi, wala huwezi kuvunja kadi usiyoitaka upate malighafi ya kutengeneza nyingine. Kwa hiyo waildikadi ikishageuzwa, imekwenda. Hakuna kitufe cha kurudisha.

Hesabu yake ni hii. Pakiti ya dukani ni dhahabu 1,000 au vito 200 (vito ni sarafu inayonunuliwa kwa pesa halisi), na ina kadi nane, mojawapo ikiwa adimu au maithiki. Kila pakiti sita unazofungua, gurudumu la zawadi linakupa waildikadi moja ya nadra kidogo na moja ya adimu. Kila mara ya tano ile ya adimu inageuka kuwa ya maithiki. Maana yake, pakiti 30 zinaleta waildikadi nne za adimu na moja ya maithiki. Chukua deki yenye kadi adimu 16 na maithiki nne, ambayo si ya kifahari hata kidogo. Ukitegemea gurudumu peke yake unahitaji pakiti 120, yaani dhahabu 120,000. Kwa kweli utafika mapema zaidi, kwa kuwa waildikadi nyingine hujitokeza ndani ya pakiti zenyewe, na baadhi ya kadi unazozitaka utazipata kwa bahati. Lakini tarakimu hiyo iwe kichwani kila kidole kinapowasha kugeuza waildikadi ya adimu kwa ajili ya kiumbe mwenye picha nzuri.

Dhahabu inaingia vipi? Kila siku unapata kazi moja: piga kadi 20 za rangi fulani, shambulia na viumbe kadhaa, shusha ardhi 25. Kazi inalipa 500 au 750, na unaruhusiwa kubadilisha moja kwa siku. Ukiona ya 500, ibadilishe mara moja; mbaya zaidi utapata ya 500 nyingine. Kazi hurundikana hadi tatu, kwa hiyo mtu mwenye shughuli nyingi anaweza kuingia kila baada ya siku mbili tatu asipoteze hata moja. Juu yake kuna ushindi wa siku: wa kwanza unaleta dhahabu 250, wa pili, wa tatu na wa nne 100 kila mmoja. Baada ya huo wa nne malipo yanakuwa makombo. Jumla ni kama pakiti moja kwa siku, na ukiendelea kucheza baada ya hapo, cheza kwa raha yako, si kwa dhahabu.

Ukinunua pakiti kumi dukani unapewa pakiti ya dhahabu yenye kadi sita za adimu au maithiki. Pakiti ulizopata kama zawadi hazihesabiki kwenye kumi hizo. Zile pakiti za bei ya juu kidogo zinazokuhakikishia maithiki, ziache. Mgeni hakosi maithiki, anakosa adimu. Na ukitaka kutoa pesa halisi, kitu cha kufikiria ni pasi ya seti ya vito 3,400, tena uinunue mwishoni mwa msimu wakati umeshaona umefika ngazi ya ngapi, kwa sababu zawadi za ngazi ulizokwishapita hutolewa zote kwa mpigo. Vifurushi vya picha na mapambo havina kosa, ila havitakushindia mchezo.

Kwa hiyo deki ya kwanza ya ushindani iwe ya rangi moja. Ushauri huu wageni huupuuza kwa kuona rangi moja ni ya kitoto, na sababu yake halisi ni ardhi. Deki ya rangi mbili inayokwenda bila kukwama inahitaji ardhi nane hadi kumi na mbili zenye kutoa rangi zote mbili, na zile zinazoingia mezani bila kulala ni kadi adimu. Waildikadi kumi za adimu zinaishia kwenye ardhi kabla hujapata kiumbe hata mmoja! Ukizibadili kwa ardhi za bei rahisi zinazoingia zimelala, unachelewa zamu nzima, na dhidi ya deki ya kasi zamu moja ndiyo mchezo. Deki ya nyekundu tupu inaendeshwa na Milima, ardhi za msingi za rangi hiyo, ambayo unapewa bure.

Ukifika wakati wa kuongeza rangi ya pili, anza na ardhi. Zile za rangi mbili zinatumika katika kila deki ya rangi hizo. Kiumbe wa mtindo anaweza kupitwa na wakati seti ijayo. Angalia pia umri wa seti. Katika mtindo wa Standard, yaani aina ya mchezo inayoruhusu seti za karibuni tu, kadi hukaa takriban miaka mitatu kisha hutoka, kwa hiyo usitumie waildikadi kwa seti iliyo mlangoni. Seti ya Foundations ya mwaka 2024 ndiyo salama zaidi kwa mgeni, kwa kuwa imeahidiwa kubaki Standard angalau hadi 2029.

Kosa la pili kwenye ujenzi wa deki ni unene. Kiwango cha chini ni kadi 60, na huruhusiwi kuzidi nakala nne za kila kadi isipokuwa ardhi za msingi. Mgeni huweka 70 au 80 kwa kuona huruma ya kuacha kadi nje. Tazama kinachotokea: kadi yako bora ukiwa na nakala nne ndani ya 60, inakuwepo katika kadi saba za mwanzo karibu mara 40 kwa kila michezo 100. Ndani ya 80, ni mara 31 tu. Umejipunguzia nguvu bila mpinzani kufanya lolote. Weka 60 kamili.

Idadi ya ardhi inafuata bei ya kadi zako. Deki ya kasi yenye viumbe wa mana moja, mbili na tatu inatosheka na ardhi 20 hadi 22. Ya wastani inataka 24. Deki ya kudhibiti, inayongoja mpaka zamu ya sita ndipo ishushe jabali lake, huenda 26 au 27. Ukiwa na 24 kati ya 60 na kadi zikichangwa sawasawa, mikono 77 kati ya 100 itakuwa na ardhi mbili, tatu au nne. Mikono 14 itakuwa na moja au hakuna kabisa, na iliyobaki itakuwa na tano au zaidi. Kwa hiyo ukikosa ardhi mara moja katika michezo saba, usiishuku programu. Hivyo ndivyo namba zilivyo.

Hapa pana uamuzi unaopoteza michezo mingi kuliko mwingine wowote: mkono wa ardhi moja wenye kadi nzuri. Unavutia kuubakiza. Tuseme deki ina ardhi 24, wewe ni wa pili kuanza, hivyo utavuta kadi tatu kufikia zamu yako ya tatu. Uwezekano wa kuwa na ardhi tatu wakati huo ni asilimia 40. Yaani mara sita katika kumi utakuwa umekaa na kadi tamu usizoweza kuzilipia. Urudishe. Kanuni ya kurudisha si katili: unavuta saba mpya kisha unachagua moja ya kuweka chini ya deki, na ukirudia mara ya pili unaweka mbili. Mkono wa kadi sita wenye ardhi tatu unashinda saba wenye ardhi moja siku zote, labda kama deki yako nzima ni ya kadi za mana moja.

Kuna jambo ambalo Arena hailitangazi kwenye skrini. Katika mechi za mchezo mmoja, programu huchanga mikono kadhaa kichinichini na kuegemea ule wenye uwiano wa ardhi unaokaribiana na wa deki yako. Katika mechi za michezo mitatu hakuna msaada huo. Ndiyo maana deki ya kasi yenye ardhi chache inang'ara kwenye mchezo mmoja, na pia ndiyo maana ukihamia michezo mitatu na deki ileile unaanza kukwama. Ongeza ardhi moja au mbili kabla ya kuhama.

Uhamie lini? Mchezo mmoja ni wa haraka na unafaa kumaliza kazi za siku, lakini umejaa deki za kasi na baada ya muda unachosha. Katika michezo mitatu unaruhusiwa kadi 15 za akiba za kubadilisha baada ya mchezo wa kwanza, na hapo ndipo Magic inaonyesha ilivyo. Kwenye ngazi za daraja, ushindi wa michezo mitatu unahesabiwa mara mbili ya ule wa mmoja. Madaraja ni Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond na Mythic, na yanaanza upya kila mwezi. Ukishaingia daraja, huwezi kushushwa hadi daraja la chini yake ndani ya msimu huo. Kwa hiyo majaribio ya deki mpya yafanye pale tu ulipovuka mstari: ukifika Platinum, jaribu utakavyo, hakuna wa kukurudisha Gold kabla mwezi haujaisha. Usijaribu ukiwa hatua moja kabla ya kuvuka.

Mezani kwenyewe, adui wa kwanza wa mgeni ni programu inayomlazia ardhi kiotomatiki. Mara nyingi inachagua vizuri. Inapokosea, inakosea pabaya. Mfano: una Misitu miwili (ardhi za kijani) na Kisiwa kimoja (ardhi ya bluu), mkononi una kiumbe wa kijani wa mana mbili na kadi ya bluu ya mana moja unayotaka kuiweka tayari kwa zamu ya mpinzani. Ukimtupa kiumbe tu, programu inaweza kulaza Msitu na Kisiwa, na mpango wako wa bluu umekufa. Bofya Misitu miwili kwa mkono kwanza, ndipo umshushe kiumbe. Ukigundua kosa mapema kabla kadi haijapita, kwenye kompyuta herufi Z inarudisha ardhi uliyolaza.

Vitufe vingine viwili vinahitaji tahadhari. Upau wa nafasi unakubali hatua iliyopo; Enter inapitisha zamu nzima. Mgeni aliyezoea kubofya harakaharaka hupita hatua ya mashambulizi bila kushambulia, au hujikuta hakupewa nafasi ya kujibu kadi ya mpinzani. Ukihitaji kusimama kila hatua, Ctrl inawasha udhibiti kamili kwa muda. Kama una kadi unayotaka kuitumia mwishoni mwa zamu ya mwenzako, bofya alama ya hatua hiyo kwenye mstari wa hatua ili programu isimame hapo. Usiache udhibiti kamili umewaka mchezo mzima. Utaishiwa na muda, ile kamba inayoungua kuhesabu muda wako itakutoa jasho.

Desturi moja ndogo inayolipa haraka: viumbe visivyo na uwezo wa kushambulia papo hapo vishushe baada ya mashambulizi, si kabla. Ukishambulia huku mana yako yote imesimama, mpinzani anapaswa kufikiria kwamba huenda una hila mkononi, na mara nyingi atazuia vibaya. Ukishamwaga kila kitu kabla, anajua huna jibu.

Deki za wachezaji bora zinapatikana bure kwenye tovuti kama MTGGoldfish na Moxfield. Nakili orodha, kisha bonyeza kuingiza deki ndani ya Arena na itakuonyesha waildikadi ngapi zinakosekana. Usibadilishe kadi adimu kumi za orodha kwa ulizo nazo ukadhani bado ni deki ileile.

Kwenye draft, aina ya mchezo unayolipia kuingia, mtu hufungua pakiti, huchukua kadi moja, huzipitisha zilizobaki, hadi ajenge deki ya kadi 40, kwa kawaida ardhi 17 na kadi nyingine 23. Kadi unazochukua zinabaki kuwa zako. Quick Draft ni dhahabu 5,000 au vito 750, unachagua ukiwa na roboti, bila presha ya muda. Premier Draft ni mara mbili ya bei hiyo, na wote mezani ni watu. Zote zinakoma ukifikisha ushindi saba au ukipigwa mara tatu. Kurudisha vito vyako kwenye Premier unahitaji ushindi tano, unaolipa vito 1,600. Ushindi nne unalipa 1,400, umepungukiwa mia. Quick inakudai ushindi sita, unaolipa 850. Kwa hiyo Quick ni rahisi kuingia lakini ni bahili kulipa, na mgeni anayelipia Premier kwa vito alivyonunua anachoma pesa. Lipa Quick kwa dhahabu mpaka wastani wako ufike ushindi nne, halafu ndipo ujaribu Premier. Tovuti ya 17Lands inaonyesha kila kadi ya seti inashinda mara ngapi ikivutwa; itakushangaza ni kadi ngapi za kawaida zinazozipiga zile adimu zinazong'aa. Na kama unapenda seti fulani, cheza draft kwanza na pakiti za zawadi uziweke bila kufungua. Pakiti hazikupi kadi adimu ambayo tayari unazo nne ilhali kuna nyingine za seti hiyo hujakamilisha, kwa hiyo kila kadi uliyochukua kwenye draft inazifanya pakiti zako zielekee kwa zile usizonazo.

Kasoro kubwa ya Arena, kwa maoni yetu, ni Alchemy. Ni mtindo wenye kadi za kidijitali tu, ulioanza Desemba 2021, ambamo maneno ya kadi hubadilishwa ikionekana ina nguvu kupita kiasi. Kadi ikipigwa marufuku Standard unarudishiwa waildikadi. Ikidhoofishwa kwenye Alchemy, kwa kawaida hurudishiwi chochote. Mgeni akae mbali nayo. Standard na, baadaye, Pioneer, mtindo unaoruhusu hata seti za zamani, vinatosha.

Kuhusu kifaa: kompyuta ni bora zaidi. Kwenye simu maneno ya kadi ni madogo, inabidi ushikilie kidole ndipo uisome, na meza ikijaa viumbe ni rahisi kugusa kisichokusudiwa. Programu inachukua gigabaiti kadhaa na kila seti mpya inaongeza, kwa hiyo ipakue mapema kabla ya siku ya kutoka kwa seti. Mtandao ukikatika katikati ya mechi, ifunge programu kabisa na uifungue tena. Itakurudisha mezani, lakini muda wako unaendelea kuhesabiwa.